Muulize Babu Fundi: Spika za kompyuta kwa mwenye mfuko mwepesi

Toleo lililopita nilimjibu msomaji ambaye kompyuta yake ilikuwa ikizima ovyo, na mwishoni nikadondosha sentensi moja juu ya spika, kwamba zinazokula umeme wa USB ni za kupambia meza. Sentensi hiyo imenitia matatani. Karibu barua zote nilizokabidhiwa na mhariri mwezi huu ni za spika, na moja ni ya kunigombeza. Nimechagua saba.

Shikamoo Babu. Ninasoma chuo, nina kompyuta ya mezani isiyo na sauti, na akiba yangu ni ndogo. Nimeona spika za aina mbili zenye bei karibu sawa. Boksi la kwanza limeandikwa "1200 W PMPO", la pili "10 W RMS". Rafiki zangu wananicheka nikisema nafikiria zile za wati 10. Nichukue zipi?
Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

Marahaba, mjukuu wangu. Waache wacheke, nawe chukua za wati 10.

PMPO ni herufi nne zilizowalisha wauzaji wengi. Hakuna kanuni iliyokubaliwa ya kuipima. Mtengenezaji mmoja huchukua mlipuko wa sauti wa sehemu ndogo ya sekunde, mwingine hujumlisha kila kitu kilichomo, na mwingine nadhani hutazama tu boksi la mwenzake akaongeza sifuri. RMS ni jambo jingine: hapo wanamaanisha nguvu ambayo amplifaya, yaani kikuza sauti, inaweza kuitoa mfululizo, dakika baada ya dakika, bila kukaangika. Hata hapo usilale, maana wapo wanaopima sauti ikiwa imeshakwaruza kwa asilimia 10, lakini angalau mnazungumzia kitu kimoja.

Nikupe hila ya karakana. Chukua adapta ya spika, usome maandishi yake madogo, kisha zidisha volti kwa ampea. Adapta ya volti 12 na ampea 1 inatoa wati 12, basi. Spika haiwezi kutapika kisichoingia tumboni. Boksi likijisifia wati 1200 na adapta ikasoma 12, umeshamjua msema uongo, na hujalipa hata senti.

Mimi nililijua hilo kwa fedha yangu. Nilipokuwa kijana nilinunua jozi iliyokuwa na macho matatu kila upande, kubwa, la kati na dogo, na namba iliyojaa ubavu mzima wa boksi. Usiku uleule nikaifungua. Jicho la juu lilikuwa duara la plastiki lililopakwa rangi ya fedha na kugundishwa, halina waya wala sumaku. La kati vilevile. Kilichokuwa kikiimba ni koni moja, kile kikombe kinachotikisika na kutoa sauti, ya karatasi isiyozidi kiganja cha mtoto. Nikarudishia skrubu, nikakaa kimya. Mke wangu alikuwa ameshaniuliza mara mbili kwa nini zinasikika kama redio iliyofunikwa na ndoo.

Kitu kingine ambacho rafiki zako hawajaambiwa: sikio halihesabu wati kama duka linavyohesabu. Ukiongeza wati mara mbili, kutoka 10 hadi 20, unapata desibeli 3 tu za ziada (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo utaitambua ukitega sikio. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa maradufu unahitaji wati karibu mara kumi. Kwa hiyo usipoteze siku nzima ukilinganisha 8 na 12. Linganisha uzito. Inua spika mkononi: ikiwa nyepesi kama kopo tupu, sumaku yake ni ndogo na boksi lake ni jembamba. Igonge ubavuni kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama bati, mlio huo utausikia ndani ya kila wimbo mpaka siku utakapoitupa. Tazama koni: ya inchi 3 huimba vizuri kuliko ya inchi 2 karibu kila mara, hata kama ya inchi 2 ina taa za rangi. Kitufe cha sauti na tundu la hedifoni viwe mbele, si mgongoni. Na pima waya unaounganisha spika ya kushoto na ya kulia. Kwenye spika za bei ya chini mara nyingi umefungwa moja kwa moja, hauchomoki, na ni mfupi. Nimewahi kumwona mtu aliyelazimika kuziweka zote mbili upande mmoja wa skrini kwa sababu waya haukufika.

Usihangaike na mstari unaosema "20 Hz hadi 20,000 Hz". Hz ni hesabu ya mitikisiko ya sauti kwa sekunde: namba ndogo ni sauti nzito, kubwa ni nyembamba. Hicho ni kipimo cha sikio la binadamu, wamekinakili tu. Namba hiyo ina maana pale tu wanapoandika pia sauti inapanda na kushuka kwa desibeli ngapi katika safari hiyo, kwa mfano 3 juu na 3 chini. Kwenye spika za bei yetu hutakuta hilo limeandikwa.

Ukiruhusiwa kusikiliza, usicheze wimbo wenye besi. Besi humpumbaza kila mtu, nami nimo. Cheza rekodi ya mtu anayesoma habari, mwanamume kisha mwanamke. Sauti ya mtu ndiyo sauti ambayo sikio lako limeifanyia mazoezi tangu ulipozaliwa, hivyo kulidanganya ni kazi. Msomaji akisikika anasemea puani, au herufi s zinachoma, au kifua chake kimevimba kama amemeza pipa, rudisha. Halafu punguza sauti mpaka karibu na kimya. Vitufe vya kuzungusha vya bei rahisi vina ugonjwa mmoja: sauti ikiwa ndogo, upande mmoja hufa kabla ya mwingine. Wewe unayesoma usiku wenzako wamelala utakutana na ugonjwa huo kila siku.

Babu, mimi na mume wangu tunabishana. Yeye anataka seti yenye sabufa, lile boksi la besi, ya kuweka chini ya meza na vispika viwili juu. Mimi nataka spika mbili tu, zenye ukubwa wa kutosha. Kompyuta tunaitumia kwa filamu jioni, na mchana naitumia kwa masomo ya mtandaoni. Ukuta wa jirani ni mwembamba.
Mke asiyetaka boksi miguuni

Binti yangu, ugomvi wa wanandoa hauingiliwi, lakini kwa bajeti ndogo nasimama upande wako.

Besi ni kazi ya kusukuma hewa nyingi. Kila sauti inaposhuka kwa nusu, tuseme kutoka 100 Hz hadi 50, koni lazima iende mbele na nyuma mara nne zaidi ili isikike kwa nguvu ileile. Uzi mnene wa gitaa la besi huanzia 41 Hz. Kikoni cha inchi 2 hakifiki huko hata ukikilipa. Kinaanza kuchoka mapema sana, huko kwenye 150 au 200. Mtengenezaji wa seti ya bei rahisi analijua hilo. Vispika vyake vya juu amevifanya vidogo ili vipendeze, kwa hiyo kila visichokiweza anaitupia sabufa.

Hapo ndipo pana shimo. Sauti nzito sana, chini ya 80 Hz hivi, sikio halijui zinatoka upande gani, ndiyo maana sabufa nzuri inaweza kufichwa popote. Ila sauti ya mwanamume anayezungumza huanzia kama 85 hadi 180 Hz. Sabufa ikilazimishwa kuibeba hiyo nayo, mwalimu wako wa mtandaoni atakuwa na kichwa mezani na kifua chini ya magoti yako. Niliwahi kuletewa seti ya namna hiyo nitengeneze, na mwenye nayo alikuwa amekata tamaa, akisema imeharibika. Haikuwa imeharibika. Ndivyo ilivyozaliwa.

Kuna na jirani. Ukuta mwembamba huzuia sauti nyembamba na kuziachia nene zipite. Filamu yenu yeye hataisikia. Atasikia "dum, dum" tu mpaka saa nne usiku.

Mume wako akishikilia msimamo, mwekee masharti mawili: vispika vya juu viwe na koni za inchi 3 au zaidi, na sabufa iwe na kitufe chake cha besi kinachojitegemea. Kisha msiibane kwenye kona, wala msiiegemeze kwenye ukuta wa jirani. Na muulize nani atakayekuwa akitambaa chini ya meza kuizima, kwa sababu kwenye seti nyingi swichi ya umeme iko mgongoni mwa sabufa.

Wewe Babu, toleo lililopita uliandika kwamba spika zinazokula umeme wa USB "ni za kupambia meza". Ninazo mwaka wa tatu sasa, nazisikilizia redio ya mtandaoni na kuzungumza na wanangu walio mbali. Hazijanikera hata siku moja. Futa kauli.
Mzee mwenzio

Mzee mwenzangu, nimefuta. Niliandika kwa haraka, nami najua jinsi hesabu inavyokwenda, kwa hiyo sina kisingizio.

Tundu la USB la aina ya zamani, yaani USB 2.0, linaruhusu volti 5 na nusu ampea. Hizo ni wati 2 na nusu kwa spika zote mbili na amplifaya yao. USB 3.0 inafika wati 4 na nusu. Ukizitaja mbele ya vijana watacheka. Lakini spika ndogo ya kawaida ikipewa wati 1 hutoa kama desibeli 80 ukiwa umbali wa mita moja, na ukiusogeza uso hadi nusu mita unaongeza 6 hivi. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wasizidi desibeli 80 kwa saa 40 za wiki. Maana yake, mezani, uso kwa uso na spika, wati 1 inatosha na kubaki kwa mtu anayesikiliza habari na sauti za wanawe.

Zinaposhindwa ni pale wimbo unapopiga ngoma nzito ghafla. Umeme wa kuibeba haupo, na sauti inapasuka. Wewe huendi huko. Na zikiwa na ukosefu wa sauti nyembamba za juu kabisa, mimi na wewe hatuna cha kulalamikia. Mtoto husikia karibu na 20,000 Hz, mimi nimeshapima na ninaishia 10,000, tena kwa sikio la kulia. La kushoto lilichoka zamani. Siku hizi nikitaka kujua kama spika inatoa "ssss" ya chinichini namwita mjukuu wangu, ana miaka tisa, anasikia mpaka chaja ya simu.

Nitabakiza onyo moja tu. Spika za USB ziko za namna mbili. Nyingine huchukua umeme tu kwenye USB, na sauti huichukua kwa waya wa jeki ya milimita 3.5. Nyingine huchukua vyote viwili kwa USB, zina ndani kigeuzi chao cha kugeuza data ya kompyuta kuwa sauti. Zile za kwanza huweza kukuletea kelele za kompyuta yenyewe: unasogeza mausi, spika inakoroma. Msomaji anayechagua leo atafute za pili kama tofauti ya bei si kubwa.

Spika zangu zinavuma "mmmm" hata nisipocheza kitu. Nikichomoa chaja ya laptopu, mvumo unatoweka. Mara nyingine zinatoa "tit-tirit-tirit", halafu simu inaita. Zimekufa?
Anayechanganyikiwa

Hazijafa, na nusu ya kazi ya fundi umeshaifanya mwenyewe ulipochomoa chaja.

Umeme wa ukutani unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, kwingine mara 60, kutegemea nchi. Huo "mmmm" ndio wimbo wake. Spika zako zimeunganishwa na ardhi ya umeme kwa njia mbili, ya kwanza kupitia adapta yake, ya pili kupitia waya wa sauti, laptopu na chaja. Njia mbili zikikutana zinafanya duara, na katika duara hilo umeme kidogo huzunguka juu ya waya uleule unaobeba sauti yako. Ukichomoa chaja, duara limekatika, kimya kinarudi.

Anza na kisicho na gharama. Chomeka chaja ya laptopu na spika kwenye ekstensheni moja, tundu kwa tundu, badala ya kuta mbili tofauti. Tenganisha waya wa sauti na nyaya za umeme, usizifunge fundo moja kwa ajili ya usafi wa meza. Mvumo ukibaki, kuna kifaa kidogo cha kukata duara, chenye vitransfoma viwili ndani, kinachokaa katikati ya waya wa jeki. Vya bei rahisi hupunguza besi kidogo, lakini kati ya besi pungufu na mvumo wa siku nzima mimi najua nitakachochagua.

Usikate wala kuvunja pini ya ardhi ya plagi. Utaambiwa na watu wenye uzoefu kwamba hiyo ndiyo dawa ya haraka. Mvumo utaondoka kweli, na pamoja nao ulinzi wako siku chaja itakapoungua ndani na kupeleka umeme kwenye chuma cha laptopu.

Kwa wengine wenye mvumo kama huo: chomoa jeki kutoka kwenye kompyuta, uiache ikining'inia bila kuigusa. Spika zikinyamaza, tatizo liko kwenye muunganisho. Zikiendelea kuvuma, tatizo liko ndani yake, na kwenye spika za zamani mara nyingi ni kapasita, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme, zilizokauka. Ukigusa ncha ya jeki kwa kidole zitavuma. Usiogope, mwili wako umekuwa antena.

Hiyo "tit-tirit" ni simu yako. Mtandao wa zamani wa GSM hurusha mawimbi kwa vipande, vipande 217 kwa sekunde, na waya wa spika huyadaka. Weka simu mbali kwa mita moja.

Babu, zenye Bluetooth ni bora kuliko za waya?
Mfupi wa maneno

Kwa kompyuta isiyohama mezani, hapana. Bluetooth hukusanya sauti, huibana, huirusha, kisha huifungua upande wa pili, na safari hiyo hula sehemu ya kumi ya sekunde, mara nyingine mbili au zaidi. Kwa muziki hutaona kitu. Filamu nyingi zinajua kujirekebisha ili mdomo na maneno viende pamoja. Mchezo wa kompyuta haujui: utapiga risasi, uisikie baadaye. Ukikuta spika yenye waya na Bluetooth pamoja kwa bei ileile, ichukue, ili mgeni acheze wimbo kutoka kwenye simu. Ila usilipe zaidi kwa ajili hiyo.

Shikamoo. Mjomba amehama na kuniachia spika mbili za mbao za zamani, nzito, zina vishikizo viwili nyuma, chekundu na cheusi. Ukingo wa koni unamong'onyoka kama mkate mkavu. Naweza kuziunganisha na kompyuta, au nizitupe?
Mrithi

Marahaba. Usizitupe kabla hujanisikia.

Hizo hazina amplifaya ndani. Ukichukua waya wa jeki na kuufunga kwenye vishikizo hivyo utapata mnong'ono tu, kwa sababu tundu la kompyuta lina nguvu ya kuendesha hedifoni, halina nguvu ya kusukuma koni kubwa. Unahitaji amplifaya ndogo katikati. Zipo siku hizi za ukubwa wa pakiti ya karata, za aina wanayoiita daraja D, hazipati joto sana na hazili umeme mwingi. Hiyo ndiyo gharama yako ya kwanza.

Ya pili ni ule ukingo. Umetengenezwa kwa sponji, na sponji huoza kwa miaka na unyevu hata spika isipotumika. Koni yenyewe na sumaku huwa nzima kabisa. Ukingo mpya huuzwa peke yake. Hugundishwa kwa gundi na subira ya mchana mmoja. Pima kipenyo kabla ya kuagiza, maana inchi 6 ya mtu mmoja si inchi 6 ya mwingine. Spika zenye ukingo wa mpira hazina shida hii, na ukinunua spika zilizotumika bonyeza ukingo kwa ncha ya kidole, polepole: sponji iliyooza huacha alama au kudondoka.

Kabla ya kugharamia chochote, chukua betri ndogo ya volti 1.5. Gusisha waya wa chanya kwenye kishikizo chekundu na hasi kwenye cheusi, kwa sekunde moja tu. Koni ikiruka mbele kwa "tk", koili, yaani waya uliosokotwa nyuma ya koni, ni nzima. Isipofanya kitu pande zote mbili, hapo ndipo utakapoanza kufikiria kutupa. Ikitoa mkwaruzo, koili imeinama na inasugua sumaku. Kwa fundi wa kujifunza huo ni mwisho wa safari. Zikiwa nzima, ujue kwamba koni ya inchi 6 ndani ya mbao nzito itaziaibisha spika nyingi mpya za bei yetu. Mjomba alikupenda.

Babu, mimi nimeshanunua, kwa hiyo ushauri wa kuchagua umenipita. Zinasikika zimefunikwa blanketi na besi inagonga gonga. Ni mbili, za koni ya inchi 3. Meza iko kwenye kona ya chumba, nimeziweka mwisho kabisa wa meza, moja kila upande, zimegusa ukuta. Siwezi kuzirudisha.
Aliyechelewa

Hujachelewa, mwanangu. Uliyoyaeleza kuhusu mahali zilipo yananitosha kukujibu, na dawa yake haina gharama.

Kona ya chumba ni tarumbeta. Sauti nzito inayotoka nyuma ya spika hupiga ukuta na kurudi ikiongezeka, na kuta mbili zikikutana inaongezeka tena. Ndiyo hiyo inayogonga gonga. Vuta meza nje ya kona kama chumba kinaruhusu. Kama hakiruhusu, zitoe spika ukutani hata upana wa viganja viwili, hasa ile ya upande wa kona. Ikiwa zina tundu la hewa mgongoni, hilo ni la lazima.

Kisha pima. Chukua kamba, au waya wa zamani wa chaja kama nilivyofanya mimi. Umbali kati ya spika na spika uwe sawa na umbali kutoka kila spika hadi kichwa chako unapokaa kawaida. Kwa meza nyingi inakuja sentimita 60 hadi 80. Zigeuze kidogo zikutazame. Wengi huziacha zimetazama mbele kama askari, na sauti nyembamba, ambazo husafiri kwa mstari kama mwanga wa tochi, zinapita pembeni mwa masikio. Hilo pekee linaweza kuwa blanketi lako lote.

Urefu nao. Spika iliyolala juu ya meza inakuimbia kifuani, na sehemu ya sauti inadunda kwenye ubao wa meza na kukufikia ikiwa imechelewa kidogo. Zile mbili zikikutana zinafutana hapa na pale. Ziinue mpaka katikati ya koni ikaribie usawa wa masikio, kwa vitabu vinene au vipande vya mbao. Usipopata kimo hicho, inua sehemu ya mbele tu ili ziangalie juu. Mimi natumia vifutio vya penseli, viwili kila spika.

Sasa jaribu: cheza sauti ya mtu mmoja anayezungumza, rekodi ya kawaida. Lazima asikike katikati ya skrini, mahali ambapo hakuna spika. Akivutwa upande mmoja, umekaa pembeni, au mizani ya kushoto na kulia kwenye mipangilio ya kompyuta imesogezwa. Akisikika yuko kila mahali na hayuko popote, na besi imepotea, basi waya wa spika moja umegeuzwa, chanya mahali pa hasi. Hilo hutokea kwa spika zenye vishikizo vya kubana. Mimi mtu huyo humsikia amesogea kulia kidogo daima, kwa ajili ya sikio langu, hivyo mjukuu ndiye anayenisahihishia.

Ingia pia kwenye mipangilio ya sauti ya kompyuta uzime kila kinachoitwa uboreshaji. Vingine huongeza besi ambayo koni ya inchi 3 haiwezi kuibeba. Ukipata programu ya kurekebisha sauti kwa bendi, usipandishe kitu. Shusha kidogo pale panapogonga, mara nyingi kati ya 100 na 200 Hz, desibeli 3 au 4.

Ukishasogeza, niandikie tena. Na kama blanketi litakuwa bado lipo, chunguza nyuma ya kile kitambaa cha mbele. Wateja wangu wawili walikuwa wanasikiliza spika kwa miezi bila kubandua nailoni ya kiwandani.